Simu Mkononi, Sikio kwa Ndugu: Namna ya Kuongoza Kikundi cha Uponyaji wa Majeraha ya Moyo

Masomo: 1 Wafalme 19:1-18, Luka 24:13-35, Zaburi 13



Juma lililopita, baada ya kipindi, mama mmoja alikuja mpaka mlango wa studio akatuuliza: “Baba Pasta, nimesikia mkisema kuna kikundi kinachofundishwa kwa simu. Sasa simu ndiyo itakuwa mchungaji wetu?” Tulicheka pamoja naye. Lakini alipokwenda tulibaki tukiwaza, maana swali lake ni la kweli. Mashemasi wawili na kijana mmoja wa kwaya walikwisha kutuuliza jambo lilo hilo. Kwa hiyo leo tunajibu kwa maandishi, ili kila anayetaka kuanza kikundi ajue la kufanya, na ajue pia la kuacha.

Kwanza tutubu

Kabla ya kusema habari za simu, inafaa tuungame kosa letu. Sisi wachungaji tumewahi kuongeza uchungu kwa watu tuliotaka kuwasaidia.

Miaka iliyopita, binti mmoja wa kusanyiko letu alitoka kijijini baada ya nyumba yao kuchomwa. Usiku alikuwa akiamka na kupiga kelele. Mlango ukigongwa kwa nguvu, alikimbia kujificha. Tulisema ni pepo. Tulifunga siku tatu, tukamwekea mikono, tukakemea mpaka sauti zikatukauka. Alipoendelea kuamka usiku, wengine kati yetu walisema anaficha dhambi. Binti akaacha kuja kanisani. Aliyemrudisha alikuwa mama mmoja mjane, asiye na cheo chochote. Alikwenda kumtembelea, akaketi naye jikoni wakichambua sombe, akamuuliza yaliyompata. Binti alisema mambo ambayo hajawahi kuyasema kwa mtu. Alilia alasiri yote. Hakupona siku ile, lakini alianza kupona siku ile.

Hatusemi kwamba pepo hawapo. Tunaamini Yesu anafungua waliofungwa, nasi tumeona. Lakini si kila anayeamka usiku ana pepo. Wengine wana jeraha. Na jeraha halikemewi, jeraha linaoshwa na kufungwa.

Jeraha la moyo ni nini

Mtu akikatwa na panga mkononi, kila mmoja anaona. Ukilifunika jeraha lile bila kulisafisha, juu litaonekana limekauka, lakini ndani litatunga usaha. Ukiligusa litauma. Siku moja litapasuka.

Moyo nao ni vivyo hivyo. Hapa kwetu Kivu, tangu vita vya mwaka 1996, kuna watu waliokimbia mara tatu, mara nne, mara kumi. Kuna walioona wazazi wakiuawa. Kuna waliopoteza jamaa nzima katika usiku mmoja, kama ndugu zetu wa Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, wakati wa mafuriko ya Mei 2023. Jambo kama hilo linapita nguvu za mtu. Moyo unashindwa kulibeba, nalo linabaki ndani.

Dalili zake ni hizi. Mtu anaota ndoto mbaya, au anaona jambo lile tena mchana akiwa macho. Anashtuka kwa sauti ndogo. Anakwepa njia au mahali panapomkumbusha. Anakasirika upesi, au anakuwa kama mti, hasikii furaha wala huzuni. Anakunywa pombe ili alale. Kichwa kinamuuma, tumbo linamuuma, na daktari haoni ugonjwa. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena, au anashindwa masomo aliyokuwa akiyaweza.

Eliya alikuwa nabii mwenye nguvu, aliyeomba moto ukashuka. Lakini katika 1 Wafalme 19 tunamkuta chini ya mti akiomba afe. Angalieni Mungu alivyomtendea. Hakumkaripia kwa kukosa imani. Alimpa usingizi, akamtuma malaika na mkate na maji, mara mbili. Kisha akamuuliza anafanya nini pale, akamwacha aseme yote. Akamuuliza tena, na Eliya akarudia maneno yake yale yale, na Mungu hakumkatiza. Baadaye ndipo akampa kazi, na kumwonyesha kwamba hakubaki peke yake. Usingizi, chakula, kusikilizwa, kisha kazi. Hiyo ndiyo njia ya Mungu, nasi mara nyingi tunaanzia mwisho.

Simu inasaidia nini

Mafundisho ya uponyaji wa majeraha ya moyo si mapya. Kitabu kinachojulikana sana katika makanisa ya Afrika kiliandikwa na Harriet Hill, Margaret Hill, Richard Baggé na Pat Miersma, kikatolewa Nairobi mwaka 2004. Kinaunganisha Neno la Mungu na elimu ya watu wanaotunza wenye shida ya moyo, nacho kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Lakini kwetu vitabu ni vichache. Kinanyeshewa, kinachomwa, kinabaki nyumbani watu wanapokimbia usiku. Simu mtu hukimbia nayo.

Ndiyo sababu mafundisho ya namna hii yanawekwa sasa katika programu za simu. Ndani ya programu utakuta masomo yamepangwa kwa zamu, visa vya kusoma, vifungu vya Biblia, maswali ya kujadiliana, na mara nyingi sauti iliyorekodiwa pamoja na picha. Faida zake ni tatu.

Ya kwanza, kiongozi hapotei njia. Mama asiyepita chuo cha Biblia anaweza kufuata somo hatua kwa hatua bila kuogopa kwamba amesahau.

Ya pili, asiyejua kusoma anasikia. Sauti ikitoka kwa lugha yake, bibi kizee wa kijijini anashiriki sawa na mwalimu wa shule.

Ya tatu, inakwenda pasipo na mtandao. Mkiwa mjini mnaipakua mara moja, mkihakikisha sauti zote nazo zimeshuka, maana programu nyingine hushusha maandishi tu kwanza. Baada ya hapo hamhitaji kununua mega. Nyingine zinaweza kupitishwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth au kwa kadi ya kumbukumbu. Lakini pokea tu kwa mtu unayemjua, kwa sababu kwa njia hiyo hiyo watu hupitisha vitu vinavyoharibu simu na kuiba siri zake.

Basi mama, jibu letu ni hili: simu ni kama taa. Taa inaonyesha njia, lakini hakuna taa inayomshika mgonjwa mkono.

Kabla ya kukusanyika

Anza na watu sita hadi kumi na wawili. Wakizidi hapo, wanyonge hawatasema. Viongozi wawe wawili, na kama kikundi kina wanaume na wanawake, mmoja awe mama. Kwa habari za ubakaji, wanawake wakutane peke yao na kiongozi mwanamke.

Kiongozi asome somo lote nyumbani siku mbili kabla. Asikilize sauti yote. Ajiulize: “Somo hili linagusa wapi jeraha langu mimi?” Anayeongoza akiwa hajalia kwa ajili yake mwenyewe, atashindwa kuwavumilia wanaolia.

Tafuteni mahali ambapo wapita njia hawasikii. Ketini kwa duara, siyo kwa mistari kama ibadani. Wekeni maji ya kunywa. Simu iwe imejaa moto, na mwanga wa kioo upunguzwe. Bonyezeni ile alama ya ndege, ili isilie katikati ya machozi ya mtu. Simu za wengine zote zizimwe na kuwekwa mbali.

Siku ya kwanza wekeni agano la kikundi: lisemwalo hapa linabaki hapa; hakuna anayelazimishwa kusema; hakuna anayemkatiza mwenziwe; hakuna anayetoa mashauri asipoulizwa; hakuna kurekodi wala kupiga picha.

Siku ya kukutana

Saa moja na nusu hadi saa mbili zinatosha. Fungueni kwa maombi mafupi. Kisha sikilizeni au someni kisa. Hapo mweke simu chini, kioo kikitazama meza.

Hili la kuweka simu chini tumelijifunza kwa makosa. Katika kikundi chetu cha kwanza, ndugu mmoja aliongoza macho yakiwa kwenye kioo toka mwanzo hadi mwisho. Mzee mmoja alipoanza kusema habari za mtoto wake aliyepotea njiani, kiongozi alikuwa akitafuta swali linalofuata. Mzee akanyamaza. Tulimwomba aendelee, akasema, “Hapana, endeleeni na somo lenu.” Ilitubidi kumtembelea nyumbani mara tatu kabla hajarudi. Tangu siku ile tunasema: somo linaweza kungoja, mtu hangoji.

Baada ya kisa, ulizeni maswali yake mkiwaacha watu wajibu kwa maisha yao. Kisha wagawanyike wawili wawili, wasikilizane. Anayesikiliza anahitaji maswali matatu tu: ni nini kilikupata? Ulijisikia namna gani? Na katika hayo yote, lipi lilikuwa gumu zaidi kwako? Lile la tatu msilikisie. Tungefikiri kwa mjane jambo gumu ni kifo cha mumewe, kumbe ni kwamba hakumzika.

Yesu mwenyewe alifanya hivyo njiani Emau. Alijua yote yaliyotokea Yerusalemu, maana yalimpata yeye. Lakini aliwauliza wale wawili ni mambo gani, akatembea nao wakimsimulia. Maandiko aliwaeleza baadaye. Kama Bwana aliyefufuka alisikiliza kwanza, sisi tunaharakisha kwenda wapi?

Mtu akianza kutetemeka au pumzi zikimpanda, usimlazimishe kuendelea. Mwambie aweke miguu chini aisikie ardhi, avute pumzi polepole kwa pua na kuitoa polepole kwa mdomo, mara kadhaa. Mpe maji. Muulize kwa upole anaona nini mbele yake: mlango, jiko, mti. Hivyo anarudi hapa tulipo, anaacha kule alikokuwa.

Kulia mbele za Mungu

Somo moja huwashangaza sana watu wetu, lile la kuomboleza. Wengi tumefundishwa kwamba mwamini halii, kwamba machozi ni kukosa shukrani. Lakini Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, akijua kwamba dakika chache mbele atamfufua. Na Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau mtumishi wake mpaka lini. Daudi analalamika, kisha anaomba, kisha anasema tumaini lake. Aya sita tu. Kila mtu katika kikundi anaweza kuandika maombolezo yake kwa njia hiyo, au kuyasema, au kuyaimba kwa lugha ya mama yake.

Mafundisho haya husimulia pia matanga kama safari ya vijiji vitatu. Kijiji cha kwanza ni cha kukataa na hasira. Cha pili ni cha kukosa tumaini. Cha tatu ni cha mwanzo mpya. Kuna daraja la uongo linalotaka kumrusha mtu kutoka cha kwanza hadi cha tatu bila kupita cha pili. Ndugu wachungaji, daraja lile mara nyingi tumelijenga sisi, pale tulipomwambia mama, siku ya tatu ya matanga, asahau na kusamehe, na acheze mbele za Bwana. Kusamehe ni amri, hatuipunguzi. Lakini mtu husamehe jambo alilokubali kwamba lilimuumiza. Na kusamehe si kusema kwamba halikuwa kitu, wala si kumwondoa mkosaji mbele ya sheria.

Mwisho wa masomo vikundi vingi huandika maumivu kwenye karatasi, wakayapeleka kwenye msalaba wa mti na kuzichoma karatasi zile, mtu asizisome. Hapo simu haina kazi yoyote. Ni karatasi, moto, na Mwokozi aliyechukua huzuni zetu.

Ulinzi wa siri

Tunaandika sehemu hii kwa uzito, maana inaweza kugharimu maisha. Simu inakumbuka kila kitu. Kwenye vizuizi vya barabarani watu hunyang’anywa simu na kusomwa. Ikiwa ndani kuna orodha ya majina, au sauti ya mtu akitaja waliochoma kijiji chake, umewatia hatarini yeye na wewe.

Kwa hiyo: wekeni neno la siri kwenye simu. Msiandike majina ya washiriki. Msirekodi ushuhuda, hata kwa nia njema ya kuupeleka redioni. Msipige picha za kikundi na kuziweka kwenye WhatsApp. Mara moja picha moja tu ilitoka katika kikundi kimoja, na jirani akamtambua dada mmoja akasema, “Kumbe naye ni wa wale waliobakwa.” Aliyeituma alitaka tu kumsifu Mungu. Dada yule alihama mtaa.

Redio yetu haitamwita mtu yeyote kutoa ushuhuda wa jeraha lake hewani, isipokuwa amekwisha kupona, ameomba mwenyewe, na hakuna hatari. Na mfadhili akituomba picha za wanaolia, tutamjibu hapana.

Mpaka wa kazi yetu

Kikundi si hospitali. Mkisikia kwamba mtu amebakwa karibuni, msingoje siku ya kikundi. Mpelekeni kituo cha afya siku ile ile. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu. Zikipita, bado aende, kwa maana kuna magonjwa na majeraha mengine ya kutibiwa. Pale Bukavu, Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na inayosimamiwa na kanisa la Kipentekoste la CEPAC, hutunza mwili, moyo na mambo ya sheria kwa pamoja. Daktari wake Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni mwana wa mchungaji. Basi mtu asiwaambie kwamba kwenda kwa daktari ni kukosa imani.

Vivyo hivyo kwa mtu anayesema anataka kujiua, asiyekula wala kulala siku nyingi, anayesikia sauti, au anayeweza kumdhuru mtoto wake. Msimwache peke yake. Mmoja akae naye, mwingine atafute mganga wa kituo.

Kumbukeni habari ya Tamari katika 2 Samweli 13. Kaka yake alimwambia anyamaze. Baba yake alikasirika, lakini hakufanya kitu. Tamari akakaa katika ukiwa, na baada ya miaka miwili damu ikamwagika katika nyumba ile. Nyumba iliyomnyamazisha aliyeumizwa haikupata amani. Kanisa nalo lisiwe nyumba kama ile.

Na ninyi viongozi, jitunzeni. Anayebeba mizigo ya wengi huchoka. Yethro alimwona Musa akihukumu watu toka asubuhi hadi jioni, akamwambia atachoka yeye na watu wake pia. Gawaneni kazi. Pumzikeni. Kila kiongozi awe na mtu wake wa kumsikiliza.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Katika jamaa yetu, ni nani ambaye hatujawahi kumuuliza yaliyompata?
2. Ni maneno gani tuliwaambia wenye matanga, ambayo leo tungetaka kuyarudisha?
3. Tukianza kikundi, ni mahali gani katika mtaa wetu panaweza kutunza siri?

Tuombe

Bwana, wewe uliyempa Eliya mkate kabla ya kumpa kazi, utufundishe kunyamaza. Utusamehe tulipokemea mahali pa kusikiliza. Wakumbuke waliolala porini usiku huu, na watoto wanaoshtuka kwa mlango. Utupe masikio. Katika jina la Yesu. Amina.

Binti yule tuliyemsema mwanzoni, leo ndiye anayeongoza kikundi cha akina dada upande wa chini wa mtaa wetu, naye ndiye aliyetuomba tuliandike kosa letu hapa. Simu yake ina kioo kilichopasuka. Anasema inatosha, kwa sababu sehemu kubwa ya saa mbili inakuwa imelala mezani.